Barua moja moja au mkusanyo? Google Groups, Groups.io na Mailman kwa makundi ya Kanda ya Ziwa

WhatsApp imebeba kelele zote, lakini kumbukumbu bado zinakaa kwenye barua pepe. Muhtasari wa kikao cha ushirika wa wavuvi, tangazo la zabuni, fomu ya leseni, ripoti ya utafiti yenye kurasa 40: mambo haya hutumwa kwenye makundi ya barua pepe kwa sababu mwakani kuna mtu atayatafuta, na anataka ayakute. Hapa tunapima huduma tatu zinazoendesha makundi hayo, Google Groups, Groups.io na Mailman. Tunazipima kwa jambo moja tu: zinamfikishia mwanachama ujumbe kwa umbo gani, na umbo hilo linageuka nini kwenye simu ya mtu wa Kirumba anayetumia bando la siku, au kwenye kompyuta ya ofisi kule Nansio inayovuta barua mara mbili kwa siku.

Uamuzi tuutoe mapema, wenye haraka waondoke nao. Kwa kikundi cha watu 20 au 30 ambao wote wana Gmail, Google Groups inatosha. Kwa kundi linalojadiliana kweli, lenye watu wa tabia tofauti, Groups.io inawaacha wenzake mbali. Mailman ni ya chuo au taasisi yenye seva yake na fundi wa kuilinda. Kama fundi hayupo, usiiguse.

Maumbo yenyewe

Kila huduma ina majina yake, ila njia kimsingi ni nne. Barua moja moja: anachoandika mwenzako kinakufikia palepale, peke yake. Mkusanyo: barua kadhaa zinafungwa pamoja na kukufikia kwa mkupuo mmoja. Dondoo: unapata orodha ya mada tu, ukitaka kusoma unabonyeza na kwenda mtandaoni. Ya nne ni kutopokea kabisa. Unabaki mwanachama na unaweza kuandika, ila kikasha chako hakiguswi.

Mkusanyo una sura mbili, na hapo ndipo wengi huteleza. Mkusanyo wa maandishi matupu ni waraka mmoja mrefu: juu kuna orodha ya mada, chini barua zinafuatana zikitengwa na mistari ya vistari. Muundo wake umeelezwa kwenye RFC 1153, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1990, na hadi leo haujazeeka, kwa sababu simu yoyote inausoma. Mkusanyo wa MIME ni bahasha yenye bahasha ndani yake. Kila barua imo nzima, ikiwa na mwandishi wake, tarehe yake na alama zinazoiunganisha na mazungumzo ilikotoka. Ukiwa na programu ya barua ya Thunderbird kwenye kompyuta unaifungua barua ya tatu peke yake na kumjibu mwenyewe kana kwamba alikuandikia wewe. Kwenye simu nyingi mkusanyo huohuo ni rundo la viambatisho vyenye majina yasiyoeleweka, na mwanachama anadhani ametumiwa virusi. Kwa hiyo anayesoma kwa kompyuta achukue MIME, na anayesoma kwa simu achukue maandishi matupu. Kwa kuwa wasomaji wengi wako kwenye simu, msimamizi aweke maandishi matupu kuwa chaguo la kuanzia, wa kompyuta watajibadilishia wenyewe.

Mkusanyo unapunguza usumbufu, lakini una gharama ambayo haielezwi mtu anapojiunga: unaua mazungumzo. Barua pepe hufuatana kwa alama mbili zilizofichwa kichwani mwake, “In-Reply-To” na “References”. Ukijibu mkusanyo wa maandishi matupu, alama zinazokwenda ni za mkusanyo, si za barua uliyokusudia. Mada nayo inakuwa “Re: Dagaa Digest, Vol 12, Issue 4”, na hakuna atakayejua kama unazungumzia bei, nyavu au tarehe ya kikao. Mbaya zaidi, simu inanakili mkusanyo mzima chini ya jibu lako. Unaandika “Sawa, nimepokea”, watu 80 wanapokea kurasa 10.

Msomaji wa kimyakimya achukue mkusanyo. Anayejibu mara kwa mara achukue barua moja moja, azichuje kwa lebo ili zisijae kikashani. Akishindwa hilo na bado anataka kujibu kutoka kwenye mkusanyo, afanye mambo mawili kabla ya kutuma: aandike upya mada ifanane na ile anayoijibu, na afute kila kitu isipokuwa mistari miwili mitatu inayohusika.

Google Groups

Chaguo ni nne: “Each email”, “Digest”, “Abridged” na ile ya kutopokea kitu. Nenda groups.google.com, fungua orodha ya makundi yako. Kila kundi lina menyu ya “Subscription” pembeni, chagua hapo. Inachukua nusu dakika, na huo ndio uzuri wake.

“Digest” inafunga hadi barua 25 katika moja. “Abridged” inaleta dondoo mara moja kwa siku. Huwezi kuchagua kati ya MIME na maandishi matupu. Unapewa mkusanyo wa Google kama ulivyo, wenye viungo vya kurudi kwenye mazungumzo. Kwa mtu wa Gmail hilo si tatizo. Tatizo ni urefu. Gmail hukata ujumbe unaozidi kama KB 102 na kuweka kiungo cha kuufungua uliobaki. Piga hesabu: barua 25 zenye wastani wa KB 5 kila moja, zikiwemo nukuu za barua za nyuma, ni KB 125. Barua za mwisho zimeshafichwa. Ukiona watu wanasema “hatukupata taarifa” wakati taarifa ilikuwa ya 24 katika mkusanyo, sababu yawezekana ni hiyo, usiwalaumu.

Kasoro nyingine ni kwa wasio na akaunti ya Google. Wanapokea na kutuma bila shida, ila ukurasa wa mipangilio hauwafungukii, kwa hiyo msimamizi ndiye awabadilishie kutoka kwenye orodha ya wanachama. Kwenye kundi lenye watu wengi wa anwani za ofisi, kazi hiyo inachosha haraka.

Halafu kuna lile la Gmail lenyewe, ambalo halihusu Google Groups peke yake: unatuma ujumbe kwenye kundi, nakala yako hairudi kikashani. Gmail inaona tayari unayo kwenye “Zilizotumwa” na inaificha ya pili. Watu hutuma mara tatu wakidhani haijaenda. Haijapotea. Angalia kwenye ukurasa wa kundi kabla hujarudia.

Groups.io

Aliyeianzisha mwaka 2014, Mark Fletcher, ndiye aliyewahi kuanzisha ONElist, moja ya mizizi ya Yahoo Groups iliyofungwa Desemba 2020. Inaonekana anajua wanachama wa makundi wanaudhika kwa nini.

Kuna barua moja moja; mkusanyo kamili wenye picha na mapambo; mkusanyo wa maandishi matupu; dondoo ya siku; matangazo maalumu peke yake; na kutopokea. Mikusanyo yote miwili inafunga hadi barua 12, si 25, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoiokoa na mkasi wa Gmail mara nyingi. Fungua kundi, bonyeza “Subscription”, nenda “Email Delivery”, chagua, hifadhi.

“Special Notices Only” tunaipenda kuliko zote. Mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa mwalo hataki kusoma mabishano ya bei ya mabondo kila siku, anataka wito wa kikao na waraka wa serikali. Ukimweka hapo, anapokea yale tu ambayo msimamizi ameyatia alama ya tangazo maalumu. Masharti yake ni kwamba msimamizi naye akumbuke kuweka alama hiyo. Akisahau, mwenyekiti hapati kitu, na atakuja kuuliza kwa nini hakuitwa.

Jingine ni kunyamazisha mada moja. Chini ya kila barua kuna kiungo cha “Mute This Topic”: kijadala kimoja kikikukera, unakizima, mengine yanaendelea kuja. Unaweza pia kuomba upokee barua ya kwanza tu ya kila mada, kisha uchague zipi ufuatilie. Kwa anayehesabu MB, hii inashinda mkusanyo: unajua kila kilichoanzishwa, na ukijibu, jibu lako linakaa mahali pake. Na lile tatizo la Gmail kuficha nakala yako lina dawa kwenye mipangilio ya ziada, chaguo la kupata nakala ya barua zako mwenyewe. Weka alama, umemaliza.

Ubaya? Ukurasa wa mipangilio una vitu vingi mno, na mgeni anapotea humo. Kundi jipya la bure linaishia wanachama 100. Ushirika wenye watu 300 itabidi ulipie. Ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza kitupu, kwa hiyo andaa karatasi moja yenye picha za skrini na mishale, uitume pamoja na barua ya kukaribisha.

Mailman

Hii si huduma ya kujiunga, ni programu huria unayoiweka kwenye seva yako. Kuna ya zamani, 2.1, na mpya, 3, iliyotoka mwaka 2015. Ya zamani inategemea Python 2, lugha ambayo waundaji wake waliacha kuitunza Januari 1, 2020, lakini bado utaikuta kwenye vyuo vingi duniani ikifanya kazi bila kulalamika.

Ndiyo pekee kati ya tatu hizi inayompa kila mwanachama uchaguzi wazi wa MIME au maandishi matupu, na inayompa msimamizi mamlaka kamili juu ya kinachoingia. Kwenye 2.1 mtu hahitaji hata kufungua kivinjari. Anaandika kwa anwani ya kundi yenye “-request” mwishoni mwa jina, na ndani ya barua anaweka:

set authenticate nywila-yako
set digest plain
end

Badala ya “plain” anaweza kuweka “mime”, au “off” arudi kwenye barua moja moja. Mstari wa “end” usiusahau. Bila huo, seva inaanza kusoma jina lako, cheo chako na namba ya simu kama amri, na inakurudishia orodha ya makosa. Ukitoka kwenye mkusanyo, tegemea mkusanyo mmoja wa mwisho wenye yale yaliyokwisha kufungwa. Kwenye Mailman 3 amri za “set” hazipo. Badilisha kwenye ukurasa.

Mkusanyo wa 2.1 hutoka ukifika KB 30, au mara moja kwa siku saa sita mchana kwa saa za seva. Hizo “saa za seva” ziangalie. Seva iliyopangwa kwa UTC, saa ya kimataifa, ikigonga saa sita mchana, Mwanza ni saa tisa alasiri. Bei za asubuhi za soko la Mwaloni zikifika saa tisa, biashara imeshaisha. Kundi la bei lisitumie mkusanyo wa siku, au fundi abadilishe saa kwenye kroni, ratiba ya kazi za seva.

Kikomo cha ukubwa wa barua moja, kama hakijaguswa, ni KB 40. Linganisha na ule mkusanyo wa KB 30. Mtu anajibu huku ameunakili mzima: yuko karibu na ukingo. Wa pili anamjibu wa kwanza, akiwa amenakili vyote viwili kwa HTML, yaani maandishi yenye mapambo: amevuka, barua yake inashikiliwa ikisubiri msimamizi, naye anadhani kundi limekufa. Usikimbilie kupandisha kikomo. Wafundishe watu kufuta nukuu.

Kwenye mipangilio ya kuchuja, washa kichujio cha maudhui, ruhusu “multipart/mixed”, “multipart/alternative”, “text/plain” na “text/html”, na washa ile inayobakiza sehemu moja pale ambapo barua imekuja kwa sura mbili. Kubadili HTML kuwa maandishi matupu, Mailman huitegemea programu ya lynx. Kama haimo kwenye seva, chaguo linaonekana limewashwa lakini barua za HTML tupu hazibadiliki inavyotakiwa. Mwulize fundi swali hilo moja kabla ya mengine yote.

Ng' ya Nyang'hwale

Kiswahili kina bahati. Herufi zake zote ni zile za kawaida, hazina nukta wala mikia, na zinapita kwenye mfumo wowote wa zamani bila kuharibika. Isipokuwa kitu kimoja: kile kialama cha ng'. Na Kanda ya Ziwa tunacho kila mahali, kuanzia ng'ombe na ng'ambo hadi Nyang'hwale na Nyang'homango.

Kialama kilichonyooka hakina shida. Kilichopinda, kile ambacho Word na iPhone hukiweka zenyewe kwa kujipendekeza, kwa UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, kinachukua baiti tatu, na kila programu isiyokielewa inakiharibu kwa namna yake. Inayosoma kwa msimbo wa zamani wa Windows itaonyesha “Nyangâ€™hwale”. Inayoonyesha maandishi ghafi itatoa “Nyang=E2=80=99hwale”. Mkusanyo wa maandishi matupu wa Mailman 2.1, kama lugha ya kundi imeachwa Kiingereza, utaweka alama ya kuuliza: “Nyang?hwale”. Ukiona alama za kuuliza katikati ya maneno, ugonjwa ni huo. Hata pale kialama kinapoonekana salama, mwakani mtu akitafuta kwa kialama kilichonyooka, huenda barua yako isitokee.

Dawa iko kwa anayeandika. Kwenye iPhone: “Settings”, “General”, “Keyboard”, zima “Smart Punctuation”. Kwenye Word, nenda kwenye mipangilio ya kusahihisha wakati unaandika, uondoe tiki ya kubadili alama za nukuu. Waraka rasmi ukiutoa Word na kuubandika kwenye barua, badilisha kwanza vialama vyote kwa mkupuo mmoja.

Majedwali na picha

Jedwali la Excel likibandikwa kwenye barua linapendeza kwa HTML. Likipita kwenye kichujio au mkusanyo wa maandishi matupu, safu zinaporomoka: namba zinabaki, lakini hujui ipi ni ya sangara na ipi ni ya sato. Kunyoosha safu kwa nafasi hakusaidii, maana maandishi ya simu hayana upana mmoja kwa kila herufi. Andika kila bidhaa kwenye mstari wake, kwa mpangilio usiobadilika: aina, kipimo, soko, bei, tarehe, zikitengwa na mkato. Haivutii macho, lakini inafika salama katika maumbo yote, na anayetaka kuirudisha Excel anaweza. Kwenye bei usitumie mkato kutenga maelfu, utachanganya safu.

Picha ya vichanja vya dagaa yenye MB 3 haisafiri ikiwa MB 3. Barua pepe hugeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne, kwa hiyo inaondoka ikiwa MB 4 na ushee, mara idadi ya wanachama. Kwa kawaida programu ya Gmail kwenye simu haivuti kiambatisho kizima kwa bando mpaka ukiguse. Kompyuta ya ofisi inayovuta kwa POP, njia ya kushusha barua zote kwenye kompyuta, inachukua kila kitu, iwe unakitaka au hukitaki, na barua moja yenye picha sita inaziba nyingine zote nyuma yake. Ipunguze picha iwe chini ya KB 200, au iweke mahali pamoja mtandaoni na utume kiungo, ukieleza kwa sentensi moja picha ni ya nini na ina ukubwa gani.

Kabla hujahamisha watu

Jaribio lenyewe ni la nusu saa. Fungua kundi la majaribio, jiunge kwa anwani nne, kila moja na umbo lake: barua moja moja, mkusanyo wa maandishi matupu, mkusanyo mwingine uliopo, na dondoo. Tuma barua tano. Ya kwanza iwe na “Nyang'hwale” kwa kialama kilichonyooka na kilichopinda. Ya pili jedwali kutoka Excel. Ya tatu picha ya MB 2. Ya nne barua ndefu iliyobandikwa kutoka Word, na ya tano jibu la ya kwanza. Kisha soma zote kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote mtakayoipata, si kwenye ya katibu. Jibu kutoka ndani ya kila mkusanyo, uone jibu limetua wapi.

Ukimaliza, tuma pia barua moja kutoka anwani ya yahoo.com. Tangu Aprili 2014 Yahoo inaagiza wapokeaji wazikatae barua zinazodai kutoka kwake huku zikipitia kwingine, na makundi ya barua pepe hupitisha barua kwa namna hiyohiyo. Huduma nzuri hubadilisha jina la mtumaji, likasomeka fulani kupitia kundi. Kama halibadiliki, barua za wanachama wa Yahoo zitarudishwa na seva za wenzao, na kwenye Mailman kila anayerudisha anahesabiwa makosa. Akifikisha makosa ya siku tano yasiyoachana kwa zaidi ya wiki, anasimamishwa kupokea, ingawa hana kosa lolote. Kwenye orodha ya wanachama wa Mailman 2.1 utamtambua kwa tiki yenye herufi B kwenye safu ya “nomail”. Rekebisha kwanza mpangilio wa jina la mtumaji, ndipo uondoe tiki hiyo, la sivyo baada ya siku chache itarudi palepale.